Makala zangu zilikuwa juu Google sasa zinashuka, niandike zaidi au nifanyeje?

"Habari mtaalamu, pole na majukumu. Nina blogu ya ufugaji wa kuku wa kienyeji, nilianza 2019 na mpaka sasa nina makala kama 140 hivi, zote za Kiswahili. Makala yangu ya chanjo za kuku ilikaa namba moja Google karibu miaka miwili, ndo ilikuwa inaniletea watu wengi na hela ya matangazo, ila tangu mwaka jana inashuka tu, sasa hivi iko kama ya nane au ya tisa, na nyingine zinaifuata. Kwenye grupu letu la WhatsApp wanasema Google inapenda saiti inayoposti kila siku, kwahiyo nitumie AI nitoe makala tatu kwa siku. Kuna jamaa mwingine anataka laki mbili aniwekee linki 500. Mwingine kaniambia nibadilishe tu tarehe za makala za zamani zionekane mpya. Naomba unisaidie, niandike makala ngapi kwa wiki, ziwe na maneno mangapi, na lile neno la kutafutia nilirudie mara ngapi ili nirudi juu na nisishuke tena?"

Salama kabisa ndugu yangu, na pole sana, maana kufungua simu asubuhi ukakuta namba zimepungua tena kunakatisha tamaa jamani, hasa kama ni kitu umekipigania miaka yote hiyo. Swali lako limejaa idadi, makala ngapi, maneno mangapi, mara ngapi, ila naona kinachokunyima usingizi hasa ni kwamba kazi yako inapotea na hujui umekosea wapi. Inawezekana kabisa hujakosea popote. Ila kabla sijaanza kueleza lolote, hiyo laki mbili usiitoe, hizo makala tatu kwa siku usianze, na tarehe usiziguse. Kwa mwezi huu mmoja hata makala mpya usiandike. Kazi yako kubwa ipo kwenye zile 140 ulizonazo tayari.

Tuanze na kujua tatizo ni lipi, kwasababu kushuka kuna sababu tofauti na kila moja ina tiba yake. Fungua Search Console, ile huduma ya bure ya Google wenyewe inayokuonyesha blogu yako inavyoonekana kwenye matokeo yao, na kama hujaunganisha blogu yako basi fanya leo. Ukiingia kwenye ripoti ya utendaji utaona namba nne, kliki ulizopata, mara ulizoonekana, asilimia ya waliokliki kati ya waliokuona, na wastani wa nafasi. Data inatunzwa miezi 16, kwahiyo chukua miezi mitatu iliyopita uilinganishe na miezi hiyohiyo ya mwaka jana. Usilinganishe na miezi mitatu iliyotangulia, kwasababu mambo ya kuku yana msimu, sehemu nyingi kideri, ule ugonjwa unaoua kuku wengi, kinapiga sana kiangazi na wafugaji wanatafuta chanjo kwa wingi kipindi hicho, alafu baadae wanatulia, sasa wewe ukilinganisha mwezi wa tisa na wa nne utadhani Google imekuchukia kumbe watu tu hawatafuti.

Sasa soma namba hivi. Kama mara ulizoonekana zimepungua ila nafasi iko palepale, basi watafutaji wamepungua, huna cha kurekebisha hapo. Kama nafasi iko palepale na unaonekana vilevile ila kliki zimepungua, basi ukurasa wa matokeo wenyewe umebadilika, labda siku hizi juu yako kuna video, kuna matangazo, au kuna lile jibu la akili mnemba, yaani AI, ambalo Google walianza kuliweka juu ya matokeo Marekani Mei 2024 na tangu hapo wakalipeleka nchi nyingi, mtu anasoma jibu palepale anaondoka. Na kama nafasi yenyewe imeshuka, ukaonekana ukurasa wa pili badala ya wa kwanza, hapo ndo kuna wenzako wanajibu vizuri kuliko wewe au saiti yako kwa ujumla imepungua uzito. Ikitokea kila kitu kimeanguka siku moja kama umeme uliokatika, mara nyingi hiyo ni kiufundi au adhabu, nitaigusa mwishoni.

Angalia na mtego huu wa wastani wa nafasi, unawachanganya wengi. Makala ikianza kuonekana kwa maswali mapya mengi kwenye nafasi za chini chini, wastani wake unashuka japo kwenye swali lako kuu hujatikisika hata kidogo. Kwahiyo usiangalie wastani wa saiti nzima. Bonyeza ukurasa mmoja, ule wa chanjo, alafu nenda kwenye maswali ya watu uangalie swali mojamoja. Na kujitafuta kwenye simu yako mwenyewe sio kipimo, Google inaangalia mahali ulipo na wakati mwingine ulichowahi kutafuta, ndomana unakuta mtu anaapa yeye bado wa kwanza na rafiki yake aliye Mbeya hamuoni.

Tuje kwenye hizo idadi. Maneno mangapi? Hakuna idadi, na Google wamelisema hilo waziwazi mara nyingi. Swali la "kuku anaatamia siku ngapi" jibu lake ni siku 21 na maelezo kidogo ya kuzunguka hapo, ukilivuta mpaka maneno elfu mbili unamchosha mtu na bando lake. Swali la kujenga banda la kuku mia linaweza likahitaji maneno elfu tatu, michoro na bei za mabati. Urefu unaamuliwa na swali.

Kurudia neno la kutafutia nako ni mambo ya zamani ambayo bado yanazunguka kwenye magrupu. Ile sehemu iliyofichwa kwenye kodi ya ukurasa, yale maandishi ya kompyuta ambayo msomaji hayaoni, ambayo watu walikuwa wanajaza maneno muhimu, Google walitangaza tangu 2009 kwamba kwenye kupanga matokeo hawaitumii. Na kulirudia neno mpaka sentensi inasikika vibaya kupo kwenye orodha yao ya spam, yaani mbinu za ujanja wanazozikataza. Weka neno kuu kwenye kichwa cha makala, litaje mapema kwenye aya ya kwanza, alafu ongea kama unavyoongea na mfugaji mwenzio, litajirudia lenyewe. Ila usisahau kwamba huo ugonjwa mmoja huyu anauita kideri, yule mdondo, mwingine anaandika Newcastle, yote yawemo kwa namna ya kawaida kwenye makala moja, hamna haja ya makala tatu. Google siku hizi haisomi neno kwa neno kama zamani, mwaka 2019 walileta mfumo wa BERT unaosoma maneno kwa kuangalia yanayoyazunguka, na mwisho wa mwaka huohuo wakaupeleka kwenye lugha zaidi ya 70, Kiswahili kikiwemo.

Kuhusu kuposti kila siku, naelewa hilo wazo linatoka wapi. Kuna kipindi ilikuwa inalipa kweli, kwenye miaka ya 2000 watu walikuwa wanaandika makala mia mia fupi fupi wanazitupa kwenye saiti za kukusanya makala, kila moja ina linki ya kurudi kwao, na wanapanda. Februari 2011 Google wakaleta apdeti ya Panda ikazishusha saiti za makala nyepesi, Aprili 2012 ikaja Penguin ikawashukia wa linki za kununua. Agosti 2022 wakaleta mfumo wa kuangalia kama maandishi yameandikwa kumsaidia mtu au kuivutia mashine, na huo mfumo ulikuwa unaangalia saiti nzima, maana yake ukiwa na kurasa nyingi zisizo na msaada hata zile zako nzuri zinavutwa chini. Machi 2024 wakauingiza moja kwa moja kwenye mfumo mkuu wa kupanga matokeo, na pamoja nao wakatoa sera mpya za spam, mojawapo inalenga saiti zinazotoa kurasa kwa wingi ili zipande tu, awe kaandika mtu, mashine, au wote wawili. Sasa hizo makala tatu kwa siku za AI, ndugu yangu, ndo kitu hichohicho kilichoandikwa kwenye sera. Mpaka mwaka uishe utakuwa na kurasa zaidi ya elfu moja ambazo hukuwa na muda hata wa kuzisoma, na zile 140 ulizozitolea jasho zitakuwa zimefunikwa humo.

AI yenyewe haijakatazwa, hilo niliseme wazi. Februari 2023 Google walisema wanachoangalia ni ubora wa maandishi, namna yalivyotengenezwa sio hoja. Itumie kupanga mawazo, kukagua tahajia, kukuuliza umesahau nini. Ila haijawahi kushika kuku, na kwenye Kiswahili cha ufugaji nakuomba uwe makini mno, inaweza kukupa dozi ya dawa kwa ujasiri kabisa na ikawa sio yenyewe, na mfugaji akakuamini wewe.

Linki 500 za laki mbili. Tangu mwanzo kabisa, tangu Larry Page na Sergey Brin wanaianzisha Google 1998, linki kutoka saiti nyingine zinahesabika kama ushahidi kwamba ukurasa fulani unaaminika, na mpaka leo zina kazi. Ndo maana watu wanaziuza. Ila kununua linki kwa ajili ya kupanda ni kinyume na sera, na tangu 2016 Penguin ilipofanywa sehemu ya mfumo mkuu, linki za hovyo mara nyingi zinapuuzwa tu, hazihesabiwi. Kwahiyo matokeo yako mawili ndo haya, ama hela imepotea kimya kimya, ama upate adhabu ya mkono, yaani mtu wa Google kakagua akakushusha. Hakuna la tatu zuri hapo. Linki moja kutoka kwenye saiti ya chuo cha mifugo, au mradi wa wafugaji uliowahi kutumia ratiba yako, ina thamani kuliko hizo 500 zote, na hiyo huipati kwa kununua, unaipata kwa kuwa na kitu ambacho mtu anataka kuwaonyesha wenzake.

Na tarehe. Kwenye maswali ambayo Google wenyewe wanawashauri waandishi wajiulize, lipo hili kabisa, unabadilisha tarehe ili ukurasa uonekane mpya wakati ndani hujabadilisha kitu cha maana? Badilisha tarehe siku uliyobadilisha makala kweli kweli.

Sasa nikueleze kilichotokea, maana ukikielewa hiki hayo mengine utayapata mwenyewe. Google inafanya kazi tatu. Roboti zake zinapita kwenye saiti zinasoma kurasa, zinazoonekana zinafaa zinawekwa kwenye indeksi, yaani ghala lao la kurasa, alafu mtu akiandika swali inachagua kwenye indeksi ukurasa upi umjibu na uwe wa ngapi. Hiyo ya tatu inafanyika upya kila mara mtu anapotafuta. Kwahiyo ile namba moja haikupewa blogu yako ikae nayo, ulipewa ukurasa mmoja, kwa swali moja, ukilinganishwa na kurasa zilizokuwepo siku ile. Wewe ulipoanza 2019, Kiswahili cha ufugaji kilikuwa na kurasa chache, makala ya wastani tu ilitosha kuwa ya kwanza kwasababu pembeni yake hapakuwa na mtu. Leo pembeni yako kuna wauzaji wa vifaranga wenye blogu, kuna saiti za habari, kuna video za YouTube, kuna kurasa zilizotafsiriwa na mashine. Makala yako haijaharibika, imebaki ilivyokuwa na wenzake wamesogea.

Ndo maana nasema kazi iko kwenye zile 140. Na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapopata nafuu.

Chukua daftari au faili la kawaida, orodhesha makala zote, na mbele ya kila moja andika swali moja tu ambalo inalijibu, kwa maneno ambayo mfugaji angeandika kwenye simu. Nina hakika utakuta mengi yanajirudia, mtu mwenye makala 140 za kuku wa kienyeji lazima atakuwa na "chanjo za kuku wa kienyeji", "ratiba ya chanjo kwa kuku", "umuhimu wa chanjo kwa vifaranga" na "jinsi ya kuchanja kuku", zote zinazungumza kitu kilekile kwa robo robo. Nenda Search Console, chuja kwa swali "chanjo ya kuku", alafu angalia ni kurasa zipi za kwako zinazoonekana. Ukikuta mbili tatu zinapokezana, leo hii kesho ile, basi unashindana na wewe mwenyewe, na kila moja ni nusu ya jibu.

Ziunganishe. Chagua ile yenye kliki nyingi na yenye linki kutoka nje, hiyo ndo inabaki na anwani yake usiibadilishe, alafu hamishia humo vile vitu vizuri vya zile nyingine, na hizo nyingine uzielekeze kwenye hiyo moja kwa redairekti ya kudumu, ile ya 301, yaani anayefungua anwani ya zamani anapelekwa moja kwa moja kwenye hiyo inayobaki. WordPress kuna plagini za bure, zile programu ndogo za kuongezea, Blogger ipo kwenye mipangilio. Iache hiyo redairekti angalau mwaka mzima. Alafu pita kwenye makala nyingine zilizokuwa zinalinki zile za zamani uzirekebishe zielekee huku. Zile ambazo hazina mtu anayezisoma, hazina linki, na wewe mwenyewe ukizisoma unaona hazina kitu, hizo futa. Ila usifute makala kwasababu tu ni ya zamani, uzee wa makala sio kosa.

Alafu ndo uishike ile ya chanjo yenyewe. Hebu mfikirie anayeiandika hiyo Google saa mbili usiku. Kuku wawili wameanza kupinda shingo, kinyesi cha kijani kibandani, na mwingine kafa asubuhi. Sasa makala nyingi za namna hii zinaanza na "kuku ni ndege wanaofugwa na binadamu kwa ajili ya nyama na mayai", aya tatu nzima, mtu anarudi nyuma anatafuta nyingine. Mpe jibu pale juu: dalili hizi zinafanana na kideri, kideri hakina dawa ya kutibu, chanjo inazuia tu haitibu aliyeumwa, kwahiyo watenge wanaoumwa sasa hivi na umpigie afisa mifugo. Hilo peke yake limemsaidia kuliko maneno mia tano, na litamzuia kwenda kununua antibayotiki zisizomsaidia kitu.

Chini yake weka ratiba kwenye jedwali linalosomeka kwenye simu ndogo. Ratiba inayotumika sana unaijua, kideri siku ya 7, Gumboro, ule ugonjwa mwingine wa vifaranga, siku ya 14, kideri tena siku ya 21, Gumboro tena siku ya 28, alafu ndui kuanzia wiki ya sita hivi. Alafu eleza ile chanjo ya I-2 ya kideri inayotengenezwa na TVLA, Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, kule Kibaha, inayostahimili joto kidogo kuliko nyingine, tone moja kwenye jicho moja, unarudia kila miezi mitatu. Eleza kwamba zile za kuweka kwenye maji hazitaki maji yenye klorini. Na hapo ongeza vitu ambavyo mwingine hana, picha uliyopiga mwenyewe ukiwa umemshika kuku unamdondoshea tone, picha ya kichupa, bei uliyonunulia kwenye duka la dawa za mifugo mwezi gani na mkoa gani, kuku wangapi walihudumiwa na chupa moja, na ile shida ya kufungua chupa ya kuku wengi wakati una kuku kumi na tano tu, wafugaji wenzako waliifanyaje, walichanga mtaa mzima? Hayo ndo mambo yasiyotafsirika na mashine. Google wana mwongozo wa wakaguzi wao wa ubora, na Desemba 2022 waliongeza humo kigezo cha uzoefu, yaani anayeandika amelifanya jambo au amelisoma tu. Sio alama unayopewa moja kwa moja, ila inakuonyesha mfumo unasogezwa upande gani. Jiandike pia wewe ni nani, unafugia wapi, tangu lini, na kama kuna daktari wa mifugo amekupitia hiyo makala muombe ruhusa umtaje.

Maneno ya vichwa vidogo usiyabuni. Kwenye Search Console angalia maswali ambayo makala hiyo inaonekana nafasi ya 8 mpaka 20, hayo ni maswali ambayo Google tayari inahisi unaweza kuyajibu ila hujayajibu sawasawa. Utakuta "kuku mkubwa anachanjwa", "chanjo inakaa siku ngapi baada ya kufunguliwa", "kuku anayetaga anachanjwa". Kila moja lijibu kwa aya moja iliyonyooka. Na maswali yanayokuja WhatsApp na kwenye maoni yako ni hazina, kama watu wanakuuliza hayo kwa simu basi wengine kumi wanayaandika Google.

Linki za ndani nazo usizidharau, kutoka makala ya magonjwa, ya vifaranga, ya kuatamisha, weka linki ya kwenda kwenye ya chanjo kwa maneno yanayoeleza, mfano "ratiba ya chanjo ya kideri na Gumboro", usiweke "bonyeza hapa". Roboti na msomaji wote wanasoma hayo maneno.

Upande wa kasi sitakaa sana. Google inasoma saiti yako kama inavyoonekana kwenye simu, na kipimo chao kizuri ni kitu kikubwa cha kwanza kuonekana ndani ya sekunde 2.5. Punguza uzito wa picha, na matangazo yasifunike maandishi, naelewa ndo hela yako lakini tangazo linaloziba ratiba ya chanjo linamfukuza msomaji. Ila saiti yenye kasi isiyo na jibu haiendi popote, kwahiyo usitumie wiki nzima hapo.

Je, utarudi namba moja? Sitakudanganya, hakuna anayeweza kukuahidi. Makala zilizoshindwa na wenzake zinaweza kupanda zikiwa bora, ila usitegemee wiki mbili, mara nyingi ni miezi, na wakati mwingine mpaka Google watoe apdeti kubwa ambazo huwa zinakuja mara kadhaa kwa mwaka. Rekebisha makala tano au sita za mwanzo, andika tarehe uliyorekebisha kila moja, alafu ziache, usizibadilishe kila siku tatu maana hutajua kipi kimesaidia. Na kuna wasomaji ambao hawatarudi, wale wa maswali mafupi ya jibu moja, hao wanajibiwa juu kabisa bila kukliki, kwahiyo nguvu yako iweke kwenye maswali ambayo mtu lazima afungue aone, kama gharama, michoro, ratiba, makosa ya bandani. Na usiitegemee Google peke yake, anzisha chaneli ya WhatsApp au video fupi, msomaji anayekuja kwa jina lako hashushwi na apdeti yoyote.

Baada ya hapo ndo urudi kuandika mpya. Moja kwa wiki, mbili kwa mwezi, kwa kadri unavyoweza kuandika kitu ambacho hakipo. Alafu zile kumi zinazokulisha zipitie kila baada ya miezi kama sita, bei zimebadilika, chanjo mpya imeingia, linki imekufa, rekebisha.

Kuna hali ambazo usizihangaikie peke yako, tafuta mtu ukae nae. Moja, ukikuta ujumbe kwenye sehemu ya adhabu za mkono ndani ya Search Console. Mbili, ukiandika Google site: ikifuatiwa na domeini yako, yaani anwani ya blogu yako, bila nafasi, ukakuta kurasa za kamari au maandishi ya Kijapani ambayo hukuandika wewe, hapo umedukuliwa. Tatu, kama kushuka kulianza siku ileile uliyohama hostingi, kubadilisha tempuleti au domeini, inawezekana kuna sehemu imewashwa ya kuzuia Google isisome. Mtu huyo akikuahidi namba moja ndani ya mwezi muage, Google wenyewe wanaonya kwamba hakuna wa kuihakikisha hiyo nafasi. Muulize atafanya nini hasa na akuonyeshe kazi ya nyuma, na usimpe nywila yako, muongeze kwenye Search Console kama mtumiaji wa kawaida, umiliki ubaki kwako, akimaliza unamtoa. Na kwa zile makala zenye dozi, mtafute afisa mifugo wa kata yako uzipitie nae ana kwa ana, kwasababu hapo sio suala la kupanda Google tena, ni kuku wa watu.

Ukishatoa ule ulinganisho wa miezi mitatu, nitumie skrinshoti ya ukurasa wa chanjo peke yake, ikionyesha maswali na nafasi zake, pamoja na ile orodha ya makala zinazofanana. Nikiviona hivyo viwili nitakuambia ipi ibaki na zipi ziunganishwe.